Salamabila: mtoto anahesabu kwa Kiswahili, mtihani unamuuliza kwa Kifaransa

Mtoto wa miaka 11 anatumwa na mama yake sokoni Salamabila na noti ya elfu kumi. Ananunua chumvi, mafuta na sabuni kwa wauzaji watatu, anarudi nyumbani na chenji kamili. Akidanganywa franga mia mbili anajua, na anarudi kugombana. Mtoto yule yule, siku ya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, ule ambao watu wengi wanaendelea kuuita TENAFEP, anaweza kukuta swali kama hili: « Un commerçant achète un sac de riz à 50 000 francs. Il le revend à 62 000 francs. Quel est son bénéfice ? » Anaangalia hesabu mbili. Hajui kama anapashwa kujumlisha ao kutoa. Anajumlisha. Anaandika 112 000.

Kumbe hesabu anaijua. Neno ndilo lililomwangusha. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba « bénéfice » ni faida, na « revendre » ni kuuza tena kitu ulichonunua. Angeulizwa kwa Kiswahili, angejibu elfu kumi na mbili mbele hujamaliza swali.

Hilo ndilo tatizo la lugha katika masomo ya Kabambare na Kasongo. Mtihani una Kifaransa, hesabu na maarifa ya jumla, na hata zile sehemu mbili zisizo za Kifaransa zinaulizwa kwa Kifaransa. Mtoto asiyejua lugha anaanguka mara tatu. Na mtoto akianguka Salamabila, mashimo ya dhahabu hayako mbali. Wavulana wanakwenda kusukuma mchanga ao kubeba mawe, wasichana wengi wanabaki nyumbani kungojea ndoa. Mzazi anaona kwamba mtoto wake hana akili, na kusema ukweli hilo ndilo linaloumiza zaidi, juu mtoto mwenyewe anaanza kuliamini.

Lugha ngapi mbele ya saa moja ya asubuhi?

Salamabila ni mji wa watu waliokuja. Dhahabu ya Namoya ilianza kuchimbwa wakati wa Wabelgiji, na tangu hapo watu wametoka Fizi, Kasongo, Kivu, Tanganyika na mbali zaidi kutafuta maisha. Mtoto anaweza kumsalimia bibi yake kwa Kibangubangu, akamwitikia jirani wa Kibembe ao Kirega, kisha akatoka barabarani kucheza kwa Kiswahili. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wote. Kifaransa anakikuta masomoni tu, kwenye mdomo wa mwalimu na kwenye ubao.

Kiswahili nacho si mgeni huku. Katika karne ya 19 wafanyabiashara kutoka pwani na Zanzibar walifika Nyangwe na Kasongo, na Tippu Tip akaifanya Kasongo kuwa kituo chake kikubwa. Ilikuwa biashara ya pembe na ya watumwa, jambo ambalo wazee wa Maniema hawajalisahau. Jeshi la Leopold II liliiteka Kasongo mwaka wa 1893, Waarabu wakashindwa, lakini lugha ikabaki: Kingwana, kama kilivyoitwa. Leo, zaidi ya miaka 120 baadaye, watoto wengi wa kusini mwa Maniema wanaota ndoto kwa lugha hiyo. Katiba ya 2006 inaitaja kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Kifaransa ndicho lugha rasmi.

Masomo yenyewe yamebadilisha lugha mara nyingi. Wakati wa ukoloni, shule za misioni zilifundisha miaka ya kwanza kwa lugha za wenyeji. Miaka ya kwanza ya uhuru, serikali ikaleta Kifaransa tangu mwaka wa kwanza. Wakati wa Zaïre, katika miaka ya 1970, lugha za taifa zikarudishwa kwa watoto wadogo. Ndiyo maana, nyumba moja, babu alisoma kwa Kiswahili, baba kwa Kifaransa, na kila mmoja anaona kwamba njia yake ndiyo ya kweli.

Sheria ya sasa ya elimu ni ile ya tarehe 11 Februari 2014. Inasema Kifaransa ni lugha ya kufundishia, lakini inakubali pia lugha za taifa na lugha za mahali zitumike kufundishia na zifundishwe zenyewe. Programu ya shule ya msingi inakwenda hivi: miaka miwili ya kwanza mtoto anafundishwa kwa lugha ya taifa huku akijifunza Kifaransa cha kusema, na kuanzia mwaka wa tatu Kifaransa kinachukua nafasi. Hiyo ni karatasi. Masomo mengine yanaanza Kifaransa siku ya kwanza juu wazazi wanakitaka. Mengine hayana kitabu hata kimoja cha Kiswahili. Na tangu elimu ya bure ilipoanza Septemba 2019, watoto wamejaa madarasani, mwalimu hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma.

Kusoma na kukariri

Tuanze na kusoma, kwa sababu hapo ndipo kila kitu kinapojengwa. Kiswahili kina bahati moja: herufi inasema inachosema. Mtoto akijua ma, me, mi, mo, mu, na ta, te, ti, to, tu, anaweza kusoma « mama », « moto », « tumo » bila msaada. Tena akimaliza kusoma neno, analitambua. Anajua moto ni nini, umemchoma. Kichwa chake kinaelewa kwamba kusoma ni kutoa maana kwenye karatasi.

Kifaransa si hivyo. Neno « eau » lina herufi tatu na sauti moja, o. « Beaucoup » inamalizika na p ambayo hakuna anayeitamka. « Ils parlent » inasikika sawa na « il parle ». Mtoto anayeanza kusoma kwa lugha hii, na haijui kuisema, anabeba mizigo miwili kwa mara moja: herufi asizozijua, na maneno asiyoyaelewa. Anachofanya ni kukariri. Mwalimu anasoma mstari, darasa zima linarudilia kwa sauti kubwa, mzazi anayepita nje anafurahi.

Mzazi asiyejua Kifaransa anaweza kupima hilo nyumbani. Fungua kaye ya mtoto, weka kidole kwenye neno la katikati ya mstari, muulize linasema nini. Kama anarudi mwanzo wa mstari na kuimba mpaka kulifikia, hasomi, anakariri. Mtoto anayesoma analisema neno pale pale lilipo. Jaribio hili ni la dakika moja na linafaa kwa lugha yoyote.

Wazazi Waislamu wa Kasongo na Kabambare wanaijua tofauti hii kuliko wengi. Mtoto wa chuo anaanza na herufi, anasoma sura kwa Kiarabu asichokielewa bado, na kisha anakuja mwalimu wa kumfasiria. Hakuna anayesema mtoto ameielewa sura kwa sababu ameikariri. Lakini kwenye Kifaransa tunasahau hilo haraka, tunasikia « Bonjour monsieur, je vais bien » na tunaona lugha imeingia.

Jambo la pili ambalo wazazi wengi hawaamini: mtoto aliyesoma vizuri Kiswahili hapotezi wakati wa Kifaransa. Kusoma kunajifunzwa mara moja. Akijua kwamba herufi zinashika sauti, na sauti zinashika maana, ujuzi huo anaubeba kwenda lugha ya pili; kinachobaki ni kujifunza sauti chache mpya na maneno. Mfano uko karibu, ng'ambo ya ziwa. Burundi inawafundisha watoto kusoma kwa Kirundi. Mwaka wa 2014, mtihani wa PASEC ulipopima nchi 10 za Afrika zinazotumia Kifaransa, watoto wadogo wa Burundi, waliopimwa kwa Kirundi, walikuwa mbele ya nchi zote kwa kusoma. Na wakubwa wao wa mwisho wa shule ya msingi, waliopimwa kwa Kifaransa, walikuwa juu ya wastani wa nchi hizo. Nigeria walilijaribu jambo hilo zamani zaidi: kuanzia 1970, huko Ife, watoto walifundishwa miaka yote sita ya msingi kwa Kiyoruba, na Kiingereza kama somo. Walimaliza bila kuwa nyuma ya wenzao, hata katika Kiingereza chenyewe.

Pale Kiswahili kinapomshika mtoto mguu

Si kwamba Kiswahili kinasaidia kila pahali. Kuna makosa ambayo watoto wa Salamabila wanayafanya kwa sababu ya Kiswahili, na mwalimu anayejua sababu anayasahihisha haraka kuliko anayepiga.

La kwanza ni « il » na « elle ». Kiswahili hakiulizi kama mtu ni mwanaume ao mwanamke: baba amekwenda, mama amekwenda. Basi mtoto anasema « maman, il est parti » na darasa linacheka. Hajakosa akili. Lugha yake haikumfundisha kuangalia jambo hilo. Kinachosaidia ni mchezo: mwalimu anaonyesha mtu, watoto wanasema il ao elle, haraka haraka, kila siku kidogo, mpaka mdomo uzoee.

Kisha kuna sauti. Kiswahili kina a, e, i, o, u, basi. Kifaransa kina « u » ya « rue », ambayo mtoto anaisikia kama i ao kama u yetu, hivyo « rue » na « roue », njia na gurudumu, kwake ni kitu kimoja. Njia rahisi: sema i, ushike ulimi hapo hapo, kisha kunja midomo kama unapiga mluzi. Sauti inatoka yenyewe. Kuna sauti za puani, « on », « an », « in », ambazo zinabadilisha maana: « bon », « banc », « bain ». Na kuna r na l, zinazochanganyika kwa watu wengi wa kwetu, hata wakubwa. « Lire » na « rire » si kazi moja.

La tatu ni kuhamisha maneno moja kwa moja. Kwa Kiswahili tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia usingizi. Mtoto anatafsiri, anasema « j'entends la faim ». Mfaransa anakuwa na njaa: « j'ai faim ». Hapo anapashwa kukariri sentensi nzima, si neno moja moja.

Lakini tuangalie upande mwingine, ambao masomo yanausahau. Mtoto akisema « nina miaka saba », Kifaransa nacho kinasema hivyo hivyo, « j'ai sept ans »: nina. Akisema « ninaitwa », inakuja « je m'appelle ». Tena mtoto wa Congo anaingia darasani na Kifaransa mfukoni bila kujua. Anasema kaye, biki, butiki, lopitali. Sokoni anasikia bei kwa Kifaransa toka asubuhi: « cinq cents », « mille », « deux mille cinq cents ». Mtoto anayeuza maandazi ya mama yake anaweza kuhesabu kwa Kifaransa mpaka elfu kumi, lakini hakuna aliyemwonyesha kwamba hizo ndizo hesabu zile zile zilizo ubaoni.

Ile « symbole » shingoni

Watu wazima wengi waliosoma katika misioni wanaikumbuka « symbole »: kipande cha ubao, mfupa ao kikopo kinachovalishwa mtoto aliyekamatwa akisema Kiswahili ao lugha ya nyumbani. Anakaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Anayekuwa nacho jioni anapigwa ao anafagia. Kuna pahali ambapo mtindo huo haujafa, ao umebadilika kuwa faini ndogo.

Wanaoutetea wanasema uliwatoa watu wenye Kifaransa kizuri. Ni kweli kwamba watu hao wapo. Lakini waliohesabiwa ni wale waliofaulu. Walionyamaza miaka sita na kuondoka hawahesabiwi na mtu. Na kunyamaza ndiko kinachozaliwa na symbole. Mtoto mwoga hajaribu kusema. Asiyejaribu hakosei, na asiyekosea hasahihishwi, hivyo hajifunzi kitu. Aliyepata woga zaidi ni yule ambaye Kiswahili chenyewe ni lugha yake ya pili, mtoto aliyekimbia vita kijijini na kufika mjini na Kibangubangu tu. Kabambare imeona watu wengi wakihama kwa sababu ya bunduki miaka hii, na watoto hao wanakaa viti vya nyuma.

Mwalimu anayetaka Kifaransa kisemwe darasani anaweza kutenga wakati wake, nusu saa ambapo kila mtu anajaribu, na makosa hayachekwi. Nje ya nusu saa hiyo, kama somo ni ugonjwa wa malaria ao namna ya kupanda mpunga, watoto wafahamu kwanza kwa Kiswahili, kisha wapewe maneno ya Kifaransa ya kile walichokwisha kufahamu.

Mzazi asiyejua Kifaransa

Wazazi wengi wanajiondoa: « mimi sikusoma, nitamsaidia nini? » Wanaweza, na kazi yenyewe si kubwa.

Kazi ya kwanza ni kumuuliza mtoto jioni afasirie kwa Kiswahili kile alichosoma kwa Kifaransa. Si kusoma kwa sauti: kufasiria. Kama somo lilikuwa la mvua, mvua inatoka wapi? Akishindwa, mzazi amejua kwamba neno halikuingia, na kesho mtoto anapashwa kumuuliza mwalimu. Hapo mzazi amefanya kazi ya mkaguzi bila kujua « bonjour ».

Ya pili ni hadithi. Mtoto anayesimuliwa na bibi, anayeulizwa « kisha ikawaje? », anayejua kupanga habari tangu mwanzo mpaka mwisho, ndiye atakayeandika « rédaction » baadaye. Asiye na maneno mengi katika lugha yake hana cha kutafsiri. Kuna nyumba, hasa za watu wenye kazi nzuri, ambapo wazazi wanaamua kusema na watoto Kifaransa tu, na Kifaransa chenyewe ni cha kukwama kwama. Mtoto anapata maneno mia mbili ya kuagiza na kugomba, Kiswahili hakijui vizuri, na na bibi yake hawazungumzi. Mzazi anayeongea Kifaransa vizuri, aongee. Mwingine ampe mtoto lugha anayoimiliki kweli.

Redio ni mwalimu wa tatu, pale inaposikika. Radio Okapi tangu 2002 inatangaza habari kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo. Mtoto wa mwaka wa tano akisikiliza kwanza habari kwa Kiswahili, kisha zile zile kwa Kifaransa, anajua tayari nini kimetokea Kindu ao Bukavu. Masikio yanabaki na kazi ya kushika maneno tu. Kwenye nyumba za Wakristo kuna njia nyingine ya bei kidogo: Biblia mbili, ya Kiswahili na ya Kifaransa, mlango ule ule na mstari ule ule. Hadithi ya mwana mpotevu mtoto anaijua toka katekesi. Akiisoma kwa Kifaransa, hapotei.

Na kuna kaye ya maneno. Kurasa imegawanywa mara mbili kwa mstari wa biki, Kifaransa upande mmoja, Kiswahili upande wa pili. Maneno yasiwe yale ya « le chat » na « la table » tu. Yawe yale yanayoendesha maswali ya hesabu, kwa sababu ndiyo yanayowaangusha: acheter, kununua, vendre, kuuza, bénéfice, faida, perte, hasara, reste, kinachobaki, partager, kugawa, chacun, kila mmoja, de plus, zaidi ya, la moitié, nusu. Maneno matano kwa juma yanatosha, ikiwa yanarudiliwa. Mzazi anafunika upande mmoja kwa mkono na kuuliza. Kama hajui kusoma, mtoto mkubwa anauliza mdogo.

Wakati wa kuanza ni mwaka wa tatu, pale Kiswahili kinapoondoka ubaoni na mtoto anaanza kuangaika. Wazazi wengi wanangojea mwaka wa sita, miezi miwili mbele ya mtihani, kisha wanatafuta franga za kulipa masomo ya jioni. Kwa miezi miwili mtoto anaweza kukariri majibu ya miaka iliyopita. Lakini hawezi kujua ni kwa nini gunia la mchele lililonunuliwa 50 000 na kuuzwa 62 000 linaleta 12 000, ikiwa hakuna aliyemfasiria swali.